Mikanda ya Vugiri na Kigoda cha Milanzi
Mhadhara wa wazi, Chanji, Sumbawanga



Nimeombwa nizungumzie filamu za kale, zile zilizopigwa kabla picha hazijaanza kusema. Nimepokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, ila naomba ruhusa yenu nizungumzie zile ambazo hakuna awezaye kuziona tena. Filamu iliyopo hujisemea yenyewe. Mtu huitazama akaamua. Iliyopotea haina wa kuitetea. Na kati ya hizo zilizopotea, zinazoniuma zaidi ni za nyumbani, zile za mume na mke waliofika mahali pagumu, kwa sababu naamini zilipotea kwa namna yake na kwa sababu yake, na sababu hiyo inatuhusu sisi wa Ufipa.

Nianzie mbali, kisha nirudi. Mwaka 1927 kampuni ya Fox ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Sunrise. Aliyeiongoza ni F. W. Murnau, Mjerumani aliyeitwa Hollywood baada ya kujijengea jina kwao. Kisa chake kingeweza kutokea Kirando au Kasanga. Mkulima mmoja ana mke mpole na mtoto mchanga. Mwanamke wa mjini amekuja kijijini kupumzika. Anamvuta yule mwanamume hadi shamba linadorora na mifugo inauzwa. Usiku mmoja anamnong'oneza: mpandishe mkeo chomboni, mzamishe, kisha useme chombo kilipinduka. Mume anamchukua mkewe ziwani. Katikati ya maji anasimama, anamsogelea. Mke anaona machoni pa mumewe jambo linalotaka kutendeka, anakusanya mikono na kuomba. Mume anashindwa. Wanapofika ng'ambo mke anakimbia, anadandia tramu, mume naye nyuma yake. Siku nzima ya mjini ni siku ya mtu anayemwomba mkewe msamaha bila kujua aanzie wapi. Wanaingia kanisani, wanakuta watu wengine wanafungishwa ndoa, na pale viapo vinapotolewa mume anavunjika, analia kama mtoto.

Hakuna neno hata moja linalosikika kutoka vinywani mwao. Maandishi kwenye kitambaa ni machache mno. Janet Gaynor, aliyeigiza mke, anasema yote kwa mabega na kwa jinsi anavyoshika kipande cha mkate asichoweza kukila. Kazi yake katika filamu hiyo na nyingine mbili ilimpatia tuzo ya kwanza kabisa ya Oscar ya mwigizaji wa kike, mwaka 1929. Nimeitazama filamu hii pamoja na watu wasiojua Kiingereza wala Kijerumani, na hakuna aliyeomba tafsiri. Ndoa inapougua, dalili zake ni zilezile kila mahali: nani anamtazama nani, nani ameacha kumtazama mwenzake.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Tarehe 9 Julai 1937, katika joto kali la kiangazi, ghala la Fox lililokuwa Little Ferry, jimbo la New Jersey, lililipuka moto. Filamu za zama zile zilitengenezwa kwa selulosi yenye naitreti, kitu cha jamaa moja na baruti. Ikishaanza kuoza hutoa gesi. Gesi ikikusanyika katika chumba kisicho na hewa hujiwasha yenyewe. Na ikishawaka huizimi kwa maji, maana inatoa oksijeni yake yenyewe. Zaidi ya mikanda 40,000 iliteketea. Negativu ya asili ya Sunrise ilikuwa humo. Kama leo tunaiona, ni kwa kuwa nakala kadhaa zilikuwa zimeshasambaa kwingine. Filamu nyingine ya Murnau, 4 Devils ya mwaka 1928, ambamo Gaynor huyohuyo aliigiza, haijaonekana tena mpaka leo. Ziko picha chache za mnato na karatasi za hadithi, basi.

Hasara ile haikuwa ya Fox peke yake. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti mwaka 2013: kati ya filamu ndefu karibu 11,000 zilizotolewa na Wamarekani katika enzi ya kimya, zilizobaki katika umbo lao la awali ni kama asilimia 14 tu. India, ambako zilitoka picha nyingi zilizopendwa na watazamaji wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, ilipiga filamu za kimya zipatazo 1,300. Zilizosalia hazifiki 30. Watu waliokaa katika Royal Theatre ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1921, walilia na kucheka mbele ya picha ambazo wajukuu wao hawawezi kuziona hata kwa kulipia.

Lakini moto unabebeshwa lawama kuliko stahili yake. Nyingi ya filamu hizo ziliuawa na wenyewe. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, picha ya kimya ikawa bidhaa isiyo na soko. Kuitunza kulidai ghala, mlinzi na bima. Kuiyeyusha kulileta fedha, fedha halisi ya kung'aa, kwa kuwa katika utando wa filamu kuna madini ya fedha. Wakayeyusha. Hakuna aliyeona kwamba anaangamiza kitu. Aliona anasafisha stoo.

Naomba mlikumbuke neno hilo, stoo, tunapohamia kwetu.

Mwaka uleule wa 1937, miezi michache kabla ya moto wa Little Ferry, kazi nyingine ya filamu ilifikia mwisho hapa Tanganyika. Mahali penyewe ni Vugiri, katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe. Kuanzia mwaka 1935 palikuwa na jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika wa Mashariki na Kati, lililogharimiwa zaidi na Shirika la Carnegie la New York. Wazo lilitokana na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, aliyekuwa amechunguza jinsi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilivyokuwa ikivuruga maisha ya vijijini. Upande wa elimu ulisimamiwa na G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ya kamera ilikuwa chini ya Leslie Notcutt, mtu wa mashamba ya mkonge. Notcutt alikuwa ameanza kuwaza habari za sinema tangu miaka ya 1920, akiamini kwamba picha jioni zingesaidia vibarua wa shambani waridhike na wasitoroke. Sifichi maoni yangu hapa: mwanzo wa sinema iliyopigwa kwa ajili yetu ulikuwa na harufu ya mkonge.

Hata hivyo walichokifanya Vugiri ni kikubwa. Dunia ilikuwa imeshahamia kwenye picha zinazosema, lakini wao walirudi kwenye kimya kwa sababu ya umaskini wa vifaa. Walipiga kwa mkanda mwembamba wa milimita 16 usio na sauti, wakasafisha filamu kulekule milimani, wakatia maneno na muziki kwenye santuri ili kila lugha iwe na yake. Kisha wakapakia projekta, santuri, jenereta na kitambaa cheupe kwenye gari, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakionyesha usiku viwanjani mbele ya maelfu ya watu. Santuri na picha vilikuwa vikiachana njiani: mtu kwenye kitambaa ameshafunga mdomo, sauti yake bado inaendelea. Na lugha isiyokuwa na santuri ilihitaji mtu mwenyeji asimame na kipaza sauti, aieleze picha kwa maneno yake.

Walitengeneza filamu zipatazo 35. Waigizaji walikuwa watu wa hapa, wasiowahi kuiona kamera. Baadhi ya picha zilikuwa za mafunzo matupu: chai, kahawa chini ya migomba, ngozi, mmomonyoko wa udongo. Nyingine zilikuwa na kisa. Palikuwa na Sungura na Chui, hadithi ya kwetu kabisa. Palikuwa na Chifu. Palikuwa na Gumu. Palikuwa na ile ya benki ya posta, ambamo kibarua mmoja anafukia mshahara wake ardhini, mwizi anamchungulia na kuja kufukua, wakati mwenzake aliyeweka posta anabaki na fedha yake.

Najua serikali ilitaka kufundisha nini kwa kisa hicho: pelekeni fedha posta. Mimi kila nikikifikiria naona jambo jingine. Mwanamume anayefukia mshahara wake gizani anamficha nani? Mwizi, ndiyo. Lakini katika nyumba ngapi za Ufipa shimo la fedha lilichimbwa ili mke asijue? Na katika nyumba ngapi mke ndiye aliyechimba? Ndoa haikuwa mada iliyoandikwa mlangoni pale Vugiri, ila huwezi kupiga picha ya mshahara, ya kodi ya kichwa au ya mtoto mchanga mwenye malaria bila kuingia chumbani kwa watu. Kila somo la serikali lilipitia mlango wa nyumba ya mtu.

Fedha za Carnegie zilipokwisha, serikali za makoloni hazikutaka kuubeba mzigo. Mwaka 1937 Vugiri ikafungwa. Notcutt na Latham wakachapisha kitabu London mwaka huohuo, wakieleza walichokifanya, visa vyao, gharama zao na matatizo yao. Nimesema mikanda ilikuwa 35. Inayojulikana kubaki, iliyohifadhiwa Uingereza katika Taasisi ya Filamu ya nchi hiyo, ni 3.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kitako. Ni ipi hiyo mitatu? Mmoja unahusu mafunzo ya maafisa mifugo wa Kiafrika. Wa pili unahusu minyoo ya safura. Wa tatu ni wa mashamba ya wakulima pale Kingolwira, karibu na Morogoro. Ng'ombe, minyoo, mashamba. Sungura na Chui haupo. Chifu haupo. Gumu haupo. Yule kibarua aliyefukia mshahara wake hayupo, wala mwizi wake. Mkondo wote wa visa, mahali ambapo mtu mweusi wa Tanganyika aliigiza tamaa, woga, ujanja na aibu mbele ya kamera kwa mara za kwanza, umekwenda.

Inawezekana kusema ni bahati tu, kwamba mitatu yoyote ingeweza kubaki. Siamini. Filamu ya milimita 16 haikutengenezwa kwa naitreti, hailipuki. Hufa polepole, ikinyauka na kutoa harufu ya siki, na njiani hupata nafasi nyingi za kuokolewa na mtu anayeitaka. Filamu ya minyoo ina daktari wa kuitaka. Filamu ya mifugo ina idara nzima. Ofisi ikihama, mtu wa idara hubeba cha idara yake. Kisa cha nyumbani kina idara gani? Mke na mume waliogombana juu ya fedha wana afisa gani wa kuandika jina lao kwenye jalada? Mkanda kama huo ukikutwa kwenye kabati unaonekana mchezo wa kuigiza, na mchezo wa kuigiza ndio kitu cha kwanza kutupwa stoo inaposafishwa.

Uchungu wake unazidi ukikumbuka kwamba mojawapo ya malengo waliyoyaandika wenyewe lilikuwa kuhifadhi yaliyo mema katika mila za Waafrika kwa kuyaonyesha katika picha. Waliandika hivyo na nadhani walimaanisha. Lakini kuhifadhi kunataka mtunzaji, na mtunzaji hakuwekwa.

Baada ya Vugiri mambo hayakukoma. Miaka ya mwanzo ya 1950 kampuni kutoka Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kupiga visa vya Kiswahili vyenye sauti, Chalo Amerudi na Muhogo Mchungu vikiwemo. Katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu ni kijana Rashidi Mfaume Kawawa, yule ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wetu. Wengi hapa wanalikumbuka gari la sinema la serikali lililoendelea kuzunguka vijijini hata baada ya Uhuru. Lakini nisiwachukue huko, kwa maana nataka kuuliza kwa nini mikanda ile ya kimya inatuhusu sisi wa uwanda huu kuliko watu wengine wengi.

Inatuhusu kwa sababu ya safari. Ufipa kwa miaka mingi ya ukoloni ilihesabiwa kuwa chimbuko la vibarua. Vijana waliondoka hapa kwenda mkonge Tanga na Korogwe, wengine dhahabu ya Lupa, wengine shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na waliokwenda kwa mkataba waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mwanamume alipewa namba. Mkewe aliyebaki hapa hakupewa hata hiyo. Alibaki na jembe, na watoto, na kazi ya kufukia nyasi kwenye matuta ya ntumba, kazi ambayo uwanda huu umeishi kwayo tangu enzi za mababu na ambayo inataka mikono mingi. Mkataba ulipokwisha, wengine walirudi na blanketi, baiskeli na simulizi. Wengine walisaini tena. Wengine walianzisha nyumba ya pili Muheza, na habari zake zikafika huku kwa mdomo wa mtu mwingine, miaka baadaye, tena sokoni.

Hiyo ndiyo Sunrise ya Ufipa, wazee wangu. Mwanamke wa mjini yumo, ziwa limo, mke anayesoma macho ya mumewe aliyerudi yumo. Kamera ilikuwa Vugiri, jirani kabisa na mashamba yale walikokuwa waume wa huku. Ilipiga posta, chai na mkonge. Haikugeuka kumtazama mke wa Ufipa, na hata ingemtazama, nimeshaeleza mkanda ungeishia wapi.

Vijana wananiuliza: sasa kama haipo, tufanye nini, tuomboleze? Hapana. Nataka tuangalie namna filamu ya kimya ilivyofanya kazi, kwa sababu mbinu yake tunayo.

Filamu ya kimya haikuwahi kuonyeshwa kimya. Marekani palikuwa na kinanda. Japani palikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, aliyekaa kando ya kitambaa, akazisemea sauti zote, mke, mume na mama mkwe, akaeleza mahali picha ilipokuwa ngumu. Watu walikwenda sinema kwa ajili ya benshi fulani kama vile leo watu wanavyokwenda kwa ajili ya mhubiri fulani. Vugiri palikuwa na santuri, na santuri iliposhindwa palikuwa na mtu na kipaza sauti. Nasi katika vibanda vya video tumekua na watafsiri. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliyasimulia maneno ya waigizaji wa Marekani, Hong Kong na India kwa Kiswahili cha mtaani mpaka watu wakaona kama filamu ni ya Manzese. Aliongeza, alipunguza, alionya, alitania. Wako wanaomdharau kwa kuwa hakutafsiri neno kwa neno. Mimi namhesabu miongoni mwa wasanii wakubwa wa filamu nchini, ingawa hakushika kamera. Aliifanya picha iwe na mtu wa kuisemea.

Na kabla ya kibanda cha video palikuwa na moto wa jioni na bibi. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, alijaza kitabu kizima hadithi za Wafipa, kikachapishwa Oxford mwaka 1978. Miaka mitatu baadaye akatoa kingine juu ya historia ya dola za Ufipa, na katikati ya kitabu hicho ameweka simulizi ambalo hapa halihitaji mzungu wa kutuletea, kwa maana Milanzi ni jina la kata jirani katika manispaa yetu.

Masimulizi yanatofautiana, lakini mifupa yake ni hii. Mtawala wa Milanzi alitoka nyumbani kwenda mawindoni. Kabla ya kuondoka alimwagiza mkewe: wakija wageni, usiinuke kwenye kigoda. Akaenda. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, watu wa kabila jingine na wa adabu nyingine, wenye fahari ya kifalme. Mke akawatazama. Akainuka, akawapisha. Mgeni akakaa. Mume aliporudi alikuta kigoda kina mtu, na pamoja na kigoda nchi. Ukafuata mvutano, kisha mapatano: ukoo wa wageni, Watwachi, ukashika utawala, ambao baadaye ulikuja kugawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, nao watu wa Milanzi wakabaki na ardhi yao ndogo na heshima ya kikuhani.

Tazameni simulizi hili kama mtu wa filamu. Historia yote ya Ufipa imewekwa ndani ya ugomvi wa mume na mke. Mume hayupo nyumbani. Ameacha agizo. Mke yuko peke yake na uamuzi. Wageni mlangoni. Kitendo kimoja, cha kuinuka, kisichohitaji neno. Hakuna mwandishi wa Hollywood aliyewahi kupata kisa cha kimya kilichokamilika kuliko hiki.

Na kimedumu! Mikanda ya Vugiri haikumaliza karne, lakini kisa cha Milanzi kimevuka vizazi vingi bila ghala wala naitreti. Ningeweza kusema kimedumu kwa sababu ni kizuri, mngenipigia makofi, lakini uzuri haukuiokoa 4 Devils. Kimedumu kwa kuwa kilikuwa na wenyewe. Wazee wa Milanzi walikihitaji ili waeleze kwa nini mtawala wa Kitwachi hawezi kuwapuuza. Watwachi nao walikihitaji ili waeleze kwa nini wako pale. Kilikuwa hati ya ardhi ya pande mbili, na kila upande ulihakikisha watoto wake wanakijua. Ugomvi wa ndoa ile ulipata idara.

Ila hati hiyo ina ukurasa uliochanika. Mke haulizwi. Anaonekana mara moja tu, akiinuka, kisha hadithi inawarudia watawala. Kwa nini aliinuka? Kuna wanaosema aliogopa. Wengine husema ni ukarimu, kwa maana ni aibu kukaa huku mgeni amesimama. Mimi nina wazo la tatu ambalo mama zangu hapa watalipima: huenda alichoka kulinda kigoda ambacho, siku zote mumewe akiwapo, yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukikalia. Agizo la "usiinuke" lilikuwa labda mara ya kwanza kuambiwa kwamba mahali pale pana thamani pia kwake. Kila jibu kati ya haya linaipa ndoa ile sura nyingine, na simulizi lilivyo linatuachia yote matatu.

Wanafilamu wetu wa baadaye wamegusa jambo hili. Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, iliyotolewa mwaka 1985, inaonyesha ugonjwa wa mke ukiwa ugonjwa wa nyumba nzima. Bongo Movie tangu miaka ya 2000 imejaa ndoa: michepuko, mawifi, mama wakwe, wake wenza. Wasomi wengi huzibeza. Mimi sizibezi, kwa kuwa ndizo filamu za kwanza zilizomtazama mke wa Kitanzania kwa saa mbili mfululizo bila kumfundisha minyoo. Lakini nendeni mkatafute leo zile za mwanzo, zilizouzwa kwa kanda za VHS. Kanda ya sumaku hufifia, hushika ukungu, mashine za kuichezesha zinatoweka. Wasambazaji wengine wamefunga maduka. Kilichotokea kwa Fox kwa mlipuko kinatokea Kariakoo kwa vumbi.

Na hapa Sumbawanga kuna filamu za ndoa nyingi kuliko zote nilizotaja: video za harusi. Kila familia inazo. Mshenga yumo, mahari imo, mabibi waliokwishafariki wamo wakicheza. Ninyi mnazijua, ziko juu ya kabati, kwenye kanda, kwenye sidii iliyokwaruzika, kwenye flashi ambayo mtoto ameifuta aweke nyimbo. Hizo ndizo kumbukumbu za picha za watu wa kawaida wa mkoa huu, na hakuna jengo hata moja linalozipokea. Zina upungufu wao: zinaisha keki inapokatwa. Hakuna kamati inayomlipa mpiga picha arudi baada ya miaka 5, siku wazee wamekaa kusuluhisha. Kwa hiyo tuna mlango wa ndoa, hatuna nyumba yake.

Ndiyo maana naleta pendekezo, na naomba lijadiliwe baada ya mhadhara huu. Tupige filamu ya kisa cha Milanzi hapahapa, ya kimya, dakika 20. Simu za vijana walioko ukumbini zinatosha. Notcutt angezionea wivu. Tusitie sauti ndani ya picha. Badala yake, kila itakapoonyeshwa asimame msimulizi, Chanji mmoja, Milanzi mwingine, Namanyere mwingine, na kila mmoja aisemee kwa Kifipa cha kwao. Tuwape nafasi wasimulizi wanawake, kwa sababu tendo la katikati ni la mwanamke, na nataka kusikia bibi mmoja akieleza kwa nini mwenzake aliinuka, kisha bibi wa pili akimpinga.

Mwongozaji atakuwa na uamuzi mmoja mgumu kuliko yote: kamera ikae wapi wakati mke anainuka. Ikikaa nyuma ya wageni, tutamwona usoni, na itabidi mwigizaji ajue sababu yake. Ikikaa nyuma yake, tutaona wageni tu na mgongo wake ukinyooka, na sababu itabaki kwa msimulizi. Mimi ningeiweka nyuma yake. Lakini sitakuwa mimi.

Nakala ziwekwe mahali pasipopungua patatu, moja kwa wazee wa Milanzi wenyewe, moja katika shule, moja nje ya mkoa. Na kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, kiandikwe kitabu cha majina. Watu wa Vugiri walioigiza Chifu na Gumu, yule aliyefukia mshahara na yule aliyeufukua, walikuwa na majina na nyumba na wake na waume; walitembea mbele ya kamera, kisha wakarudi mashambani, na kazi yao haikuwafuata. Katika kitabu chetu aandikwe kila mtu: mshika kamera, mleta kigoda, wageni watatu, mwindaji, wasimulizi wote na vijiji vyao. Jina la kwanza kabisa liwe la mama au binti atakayekubali kuigiza mke.